Hodi katika Kompyuta ya Familia: Historia Fupi ya Istilahi za Kuingia na Kutoka

Wanaisimu tuna mazoea ya kuichunguza istilahi mezani, pale inapoundwa, na kuiacha mara inapotoka mlangoni. Katika sehemu hii ya mhadhara ninakusudia kuifuata istilahi hadi sebuleni, tena sebule ninayoifahamu, iliyoko Nyamilangano katika Ushetu, eneo ambalo hadi 2012 lilikuwa sehemu ya Halmashauri ya Wilaya ya Kahama.

Mwaka 2008 mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alinunua mjini Kahama kompyuta iliyokwisha kutumika. Iliwashwa jioni kwa jenereta, na waliigawana watu watano: yeye, mkewe na watoto watatu. Kila mmoja alitengenezewa jina lake la kuingilia pamoja na neno la siri. Shemeji yangu alikuwa mtunza hazina wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, na orodha ya kilo za kila mwanachama ilikuwa humo. Kioo kikiachwa dakika kumi bila kuguswa, neno "Mwangaluka" lilianza kupita kwa rangi, kwani watoto walikwisha kugundua jinsi ya kukifanya kioo kisalimie kwa lugha ya nyumbani.

Shemeji aliamini kwamba salamu ile ilikuwa kufuli. Alipoiona ikipita aliondoka kwenda jikoni akijua kazi yake imefungwa. Haikuwa hivyo. Jioni moja mtoto wa mwisho alisogeza kipanya, salamu ikatoweka, orodha ikawa mbele yake. Akafuta safu nzima ya kilo, na kwa kuwa alikwisha kufundishwa shuleni kuhifadhi kazi kabla ya kuondoka, akaihifadhi. Siku mbili zilipita tukiijaza upya kutoka katika karatasi za mizani. Laiti karatasi zile zingekwisha kutupwa, wapo wakulima ambao wangelipwa kwa kubahatisha.

Kosa lilikuwa la nani? Katika dirisha dogo la mipangilio mlikuwa na maswali mawili: picha itokee baada ya dakika ngapi, na je, mtu akirudi aulizwe neno la siri? Swali la pili lilikuwa kisanduku kidogo kisichowekwa alama. Yote yalikuwa kwa Kiingereza. Nilipomfasiria shemeji alinitazama kwa mshangao: "Kumbe ni hodi tu, shemeji! Mbona hawakusema hivyo?"

Hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Neno la siri la kompyuta halikuzaliwa kwa ajili ya mtu mpweke na mashine yake. Lilizaliwa mapema katika miaka ya 1960 katika chuo cha MIT, Marekani, ambako Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo wa CTSS ili watu wengi waitumie mashine moja kwa zamu za nukta chache, kila mmoja akiwa na majalada yake. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, aliyetaka muda zaidi ya aliogawiwa, aliweza kuchapisha orodha ya maneno ya siri ya wote. Kwa hiyo kugawana kulitangulia, siri ikafuata. Na sebule ya Nyamilangano ilikuwa karibu zaidi na chimbuko hilo kuliko ofisi ya mtu mmoja.

Ile picha ya kioo ina historia tofauti. Vioo vya zamani viliungua na kubaki na kivuli cha maandishi yaliyokaa pale pale kwa muda mrefu. Mwaka 1983 John Socha alichapisha katika jarida la Softalk programu ndogo ya kukitia kioo giza. Vioo bapa vya leo havina haja kubwa ya hifadhi hiyo. Tunaposema "kihifadhi skrini", basi, tunatafsiri kwa uaminifu kazi iliyokwisha kufa, huku kazi iliyo hai, yaani kuulizwa neno la siri unaporudi, haimo katika jina kabisa. Shemeji hakudanganywa na ujinga wake. Alidanganywa na jina.

Tanzania ilichelewa, na kwa sababu zinazojulikana. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mashine hizo, marufuku ambayo ililegezwa katika miaka ya 1990. Mwishoni mwa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, na Microsoft nayo mwaka huo huo ilitangaza mpango wake wa Kiswahili. Lakini Kiswahili cha Windows XP kilikuwa vazi la kupakuliwa na kuvishwa juu ya Kiingereza. Nyumba isiyo na intaneti haikulipata, wala muuzaji wa Kahama hakuwa na sababu ya kulivisha.

Na ndani ya vazi hilo mlikuwa na nini? "Nywila" ikashindana na "nenosiri", na ushindani huo haujakwisha. "Ingia" haikuleta taabu, maana inasikika kama karibu. "Toka" ni jambo jingine: kwa sikio la Mswahili ni amri ya kumfukuza mtu, na ndiyo maana naona wale waliochagua "ondoka" walikuwa na adabu zaidi. Swali la kisarufi, je, ni mtu anayeiamuru mashine au ni mashine inayomwamuru mtu, halijapata jibu moja hadi leo.

Inashangaza zaidi kwamba neno la Kiingereza la kuingia katika kompyuta linatokana na daftari la safari la nahodha, na daftari hilo Kiswahili kinalo: kamusi za kale zinaliita batli. Mabaharia wa pwani waliandika katika batli kabla ya umeme kufika Ushetu. Sidai kwamba tulirudishe. Mkulima wa tumbaku hana jahazi. Ninachodai ni kwamba hakuna aliyelifikiria, kama ambavyo hakuna aliyemuuliza shemeji.

Jioni ile ya pili, kazi ya kujaza ilipokwisha, tuliweka alama katika kisanduku na kupunguza dakika kumi kuwa tatu. Salamu ya watoto tuliiacha ilivyo. Kwa muda mrefu baadaye, kila ilipopita kiooni na mtoto kusogeza kipanya, sauti ilitoka jikoni: "Umebisha hodi?"