Vitu vya wazee wetu vinapouzishwa mnadani



Tangu watu walipoanza kurudi vijijini, swali moja linarudi pia katika vikao vyetu. Mtu anafika na pikipiki, anapita nyumba kwa nyumba, anauliza: "Hakuna kiti ya babu hapa? Hakuna sanamu, kinyago, kisu ya zamani?" Anatoa dola chache, anafunga kitu ndani ya mfuko, anaenda. Wengine kati yetu waliuzisha, juu minervali ya watoto haingoje. Hakuna wa kuwacheka. Lakini vile vitu vinaendaka wapi? Na juu ya nini mtu atoke mbali kufuata kiti chenye mguu kuvunjika?

Vile vyenye bahati, mwisho wa safari yao ni mnada. Kule Brussels, Paris, London na New York kuna nyumba za mnada zinazouzisha vitu vya Afrika, na zile kubwa kabisa ni Sotheby's na Christie's. Mambo yanaendaka hivi. Mwenye kitu anakileta. Wataalamu wanakichunguza, wanakipiga picha, wanakadiria bei, halafu wanakiandika katika kitabu cha mnada. Siku ikifika, mnadishaji anataja bei, wanunuzi wanapandishana, nyundo inagonga, kimeuzwa. Nyumba ya mnada inachukua sehemu yake kwa muuzaji na kwa mnunuzi. Kijiji ambako kitu kilichongwa hakina fungu.

Ukifungua kile kitabu, chini ya picha utakuta mlolongo wa majina: kitu kilikuwa kwa nani, kikapita kwa nani, mwaka gani. Huo mlolongo njo unaopandisha bei, maana unaonyesha kwamba kitu ni cha kweli, hakikuchongwa jana na kufukizwa moshi ili kionekane cha zamani. Sasa angalia jina la kwanza. Mara nyingi ni la Mzungu: ofisa, padri, daktari, injenia wa migodi. Aliyechonga hana jina. Aliyerithi toka kwa baba yake hana jina. Ni kama kitu kilizaliwa siku ile Mzungu alipokishika.

Tuchukue mfano mmoja mkubwa. Upande wa Kongolo, ambao leo uko katika jimbo la Tanganyika, palikuwa katika karne ya 19 fundi aliyechonga viti vya mashefu: mwanamke amebeba kikalio kwa mikono yake, uso mrefu, mashavu yameingia ndani, macho ya mtu aliyeona mengi. Vitu vyake vilitawanyika Ulaya, kimoja hapa, kimoja pale. Profesa mmoja Mbelgiji, Frans Olbrechts, njo alitambua kwamba vinafanana kama watoto wa tumbo moja. Kwa kuwa baadhi yake vilijulikana kutoka kijiji cha Buli, fundi akaanza kuitwa kwa jina la kile kijiji: Fundi wa Buli. Vitu vinavyohesabiwa kuwa vya mkono huo, au vya karakana yake, ni kama ishirini tu. Mwaka 1979 kiti kimoja cha aina hiyo kiliuzwa mnadani London kwa pauni 240,000. Mwaka 2010, Paris, kingine kikapita milioni 5 za euro.

Kwa miaka mingi, pamoja na bei hizo zote, fundi mwenyewe alibaki bila jina. Halafu watafiti wakaenda kuuliza kule kwenyewe, na wazee wakataja mtu: Ngongo ya Chintu, wa kijiji cha Kateba. Mpaka leo wataalamu wanaliandika hilo jina kwa neno "huenda". Lakini tuone vizuri lilitoka wapi. Katika makaratasi ya wauzaji halikuwemo. Lilikuwa vichwani mwa wazee, na likapona kwa sababu mtu alifika kuuliza kabla wazee hawajaisha.

Tusogee karibu na kwetu: Shabunda, Mwenga, Pangi, kwa Balega. Chama chao cha Bwami kilikuwa na ngazi zake, na ngazi zake zilikuwa na vitu vyake: vinyago vidogo vya mti, sanamu za pembe ya tembo, vijiko, kofia. Kinyago kinachoitwa lukwakongo hakikuwa cha kuuzisha. Mwenye nacho akifa, kilipewa mwingine, pamoja na kumbukumbu ya waliotangulia. Ile rangi ya asali ambayo vitabu vya mnada vinaisifu sana kwenye pembe za Kilega ni alama ya mafuta na ya mikono ya watu waliozishika miaka na miaka. Kwa hiyo Balega walikuwa na mlolongo wao wa wenyewe, tena mrefu kuliko ule wa Wazungu, ila haukuandikwa. Mwaka 1948 utawala wa Wabelgiji ukakataza Bwami. Vitu vingine vikafichwa, vingine vikachukuliwa, vingine vikauzwa. Mengi tunayoyasoma leo juu ya maana yake tunayapata kwa Daniel Biebuyck, aliyekaa na Balega katika miaka ya 1950 na kuandika yale waliomfundisha.

Mahali pengine kitu kilitoka kwa bunduki moja kwa moja. Katika Desemba 1884, karibu na Ziwa Tanganyika, watu wa Émile Storms, ofisa Mbelgiji aliyekuwa na kituo Mpala, walimuua shefu wa Batabwa aliyeitwa Lusinga. Lusinga mwenyewe hakuwa malaika. Naye alifanya biashara ya watumwa. Storms alipeleka kichwa chake Ubelgiji, na sanamu ya ukoo wake pia. Ile sanamu ilikaa miaka mingi nyumbani kwa Storms, na katika miaka ya 1930 mjane wake akaitoa kwa jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Njia ya ile sanamu inajulikana hatua kwa hatua kwa sababu aliyeichukua alikuwa mtu wa kuandika. Jambo hili linauma: mara nyingine karatasi iliyo safi kuliko zote ni ile ya mnyang'anyi.

Uhuru haukufunga hiyo njia. Mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, nyuma ya vita vya miaka ya kwanza ya uhuru, sanamu za mababu za Bahemba zilitoka kwa wingi kuelekea Ulaya. Wanunuzi wa huko hawakuingia porini wenyewe. Walitumia watu wa hapa, waliojua kijiji, lugha na shida ya kila nyumba. Yule wa pikipiki ana wakubwa waliomtangulia.

Serikali ilijaribu kuzuia. Ordonansi-sheria nambari 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali ya utamaduni. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 juu ya biashara haramu ya vitu hivi, inchi yetu iliuthibitisha mwaka 1974. Tangu hapo, mnunuzi mwangalifu anaulizaka: kitu kilitoka Afrika mbele ya 1970 ao nyuma? Ni swali zuri, lakini lina ubaya wake. Kinyago kilichochukuliwa mwaka 1948 na kuandikwa na ofisa kina makaratasi mazuri. Kile ambacho familia ilikificha wakati wa marufuku, ikakitunza miaka yote, halafu kikaibwa wakati wa vita, hakina karatasi hata moja ya kukidai.

Kuhusu kurudisha, tulianza kuomba zamani. Tarehe 4 Oktoba 1973 Mobutu alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akadai vitu virudi. Katika Desemba ya mwaka ule Mkutano Mkuu ukapitisha azimio nambari 3187 juu ya jambo hilo. Kati ya 1976 na 1982, vitu 114 vilitoka Tervuren kuja Kinshasa. Halafu mwaka 1997, utawala ulipoanguka, makumbusho ya Kinshasa yakaporwa, na vitu vyake vingine vikaonekana tena kwenye soko la ng'ambo. Wengine Ulaya walitumia jambo hilo kusema kwamba hatujui kutunza. Wanasahau kwamba mwizi haibi bila mnunuzi.

Siku hizi mlango umefunguka kidogo. Jumba jipya la makumbusho la taifa lilifunguliwa Kinshasa mwaka 2019. Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliipa yetu orodha ya vitu karibu 84,000 vya Kongo vilivyoko Tervuren. Juni ya mwaka ule Mfalme Philippe alileta kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho, na Julai Ubelgiji ikatunga sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Sheria hiyo inagusa vitu vya serikali yao. Vile vilivyo katika nyumba za watu binafsi, ambavyo njo vinapita mnadani, haivigusi. Na hata kwa vya serikali, swali la kwanza litakuwa: kilitoka kwa nani?

Hilo swali sisi tuliokimbia na kurudi tunalijua. Umerudi, unakuta mtu mwingine katika parseli yako, na ana karatasi mkononi. Mwenye karatasi anasikilizwa kwanza. Asiye nayo anaokolewa na majirani wanaoweza kusimama mbele ya shefu na kusema: hapa palikuwa pa fulani, mtoto wa fulani. Na vitu vya wazee ni vilevile. Karatasi hatuna, lakini mashahidi tuko nao bado. Si kwa muda mrefu.

Kwa hiyo naomba jambo moja dogo. Kila familia iliyobaki na kitu cha zamani, hata kigoda, hata kisu, hata kikapu, ikiandike. Makumbusho na polisi wa dunia wana utaratibu wao wa kuandika kitu, unaoitwa Object ID, wa tangu mwaka 1997, na simu na daftari vinatosha kuufuata. Piga picha mbele, nyuma na chini. Andika kimetengenezwa na nini, urefu wake, na alama inayokitofautisha na kingine: ufa, msumari, palipoungua. Halafu ongeza yale ambayo kitabu cha mnada hakina: nani alikichonga, nani alikirithi, kilitumika siku gani, kinaitwaka nani katika lugha ya nyumbani. Kama kiliibwa, andika hivyohivyo, kwa vile mnavyokumbuka. Nakala moja ikae kwa familia, nyingine kwa chama.

Anayelazimika kuuzisha, ajue sheria ya 1971 ipo, na asikubali kuvusha kitu mpaka Gisenyi kwa niaba ya mtu mwingine. Kitu cha pembe ya tembo kina hatari zaidi: biashara yake ya kimataifa imefungwa na mkataba wa CITES tangu 1990.

Nanyi wafadhili wetu mnaokaa karibu na hizo nyumba za mnada: mkiona kiti ao kinyago cha upande wetu, ombeni mlolongo wa wenyewe, na mkifika kwa jina la Mzungu wa kwanza, ulizeni aliyempa ni nani. Wakiwajibu kwamba haijulikani, tuandikieni kijiji ao kabila waliloandika chini ya picha. Huenda kuna mzee hapa anayejua.