Kutoka or.ke hadi co.ke: Hii Njia Haikuanza na Sisi

Tangu Januari 2025 kuna sentensi moja naisikia kila wiki, kwa matatu, kwa kinyozi, kwa grupu za WhatsApp: "Nilitoka NGO, saa hii natengeneza tovuti." Wengine walitoka wenyewe, wengine walitolewa. Na kila mtu huisema kama vile yeye ndiye wa kwanza kuvuka huo mto. Sasa wasee, hebu turudi nyuma kidogo, kwa sababu historia ya intaneti ya Kenya ukiifuata mpaka chanzo inakupeleka moja kwa moja hadi kwa mlango wa NGO.

Sio utani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Nairobi haikuwa na intaneti jinsi mimi na wewe tunavyoijua. Kulikuwa na barua pepe, tena barua pepe ya kupanga foleni. Kwa ofisi za Environment Liaison Centre International, muungano wa mashirika ya mazingira uliokuwa jirani wa UNEP hapa Nairobi, kulikuwa na kompyuta, modemu na laini ya simu. Mfumo wenyewe uliitwa FidoNet. Unaandika ujumbe wako, unalala kwa hiyo kompyuta, halafu simu inapigwa kati ya Nairobi na London, ambako shirika lingine, GreenNet, linapokea furushi lote kwa mkupuo mmoja na kulisambaza. Simu ya ng'ambo ilikuwa ghali ajabu, kwa hivyo kila sekunde ilihesabiwa. Hakuna picha, hakuna rangi. Maandishi tupu. Madaktari nao walikuwa na mtandao wao, HealthNet, wa kupata habari za kitabibu bila kungoja majarida yaje kwa meli.

Mbona NGO na sio benki ama serikali? Fuata pesa. Novemba 1991, wafadhili walikutana Paris wakasimamisha misaada mipya kwa serikali ya Moi hadi kuwe na mabadiliko. Mwezi uliofuata kifungu cha 2A kikafutwa na vyama vingi vikarudi. Lakini wafadhili hawakuwa wameacha kutoa pesa. Nyingi zilianza kupitia kwa mashirika yasiyo ya kiserikali, ambayo tayari yalikuwa yametungiwa sheria yao mwaka 1990. Hapo ndipo ile ndoto ya wazazi wetu ilizaliwa: mtoto asome, apate kazi ya NGO, abebwe na Land Cruiser nyeupe yenye antena ndefu. Na mfadhili akiwa Oslo ama London, ripoti lazima imfikie. NGO haikuwa na modemu kwa sababu ilipenda teknolojia. Ilikuwa nayo kwa sababu mwenye pesa alikuwa mbali.

Mwaka 1995 ndipo tulipata intaneti kamili, kupitia African Regional Centre for Computing, kituo cha Shem Ochuodho, yule aliyekuja kuwa mbunge wa Rangwe. Hicho pia kilisaidiwa na pesa za misaada kutoka Uingereza. Ochuodho huyo huyo ndiye aliyekuwa ameandikishwa kama msimamizi wa .ke tangu 1993, hadi KENIC ilipoichukua miaka karibu kumi baadaye. Wakati huo huo vijana watatu Wakenya waliosomea Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, walikuwa wameanzisha Africa Online. Hawa hawakutoka NGO, tuseme ukweli. Walikuja na wazo kwamba intaneti inaweza kuuzwa kama mkate. Na baadaye Ng'weno alivuka mto kutoka upande ule mwingine, akaenda kufanya kazi Gates Foundation. Kwa hivyo hata kurudi sio aibu.

Lakini usidhani biashara ilifunguliwa mlango kwa tabasamu. Mwaka huo huo wa 1995, shirika la posta na simu, KPTC, lilitangaza kwamba kuuza huduma za intaneti ni kuvunja sheria, kwa kuwa lenyewe ndilo lenye haki ya mawasiliano yote nchini. Ilibidi ingojewe sheria ya 1998, KPTC ikakatwa vipande 1999: Telkom, Posta, na tume ya kusimamia mawasiliano. Hata baada ya hapo vita viliendelea. Mnamo Novemba 2000, kampuni za intaneti zilifungua KIXP, kituo cha kubadilishana data humu humu nchini, kwa sababu barua pepe kutoka Westlands kwenda Upper Hill ilikuwa inapanda setilaiti, inatembea ng'ambo, kisha inarudi. Telkom ililalamika, tume ikakifunga baada ya wiki chache tu. Kilifunguliwa tena 2002. Ukiona mtu analia leo kwamba eCitizen inasumbua kusajili jina la biashara, mwambie hivyo.

Yaliyofuata mnayajua, nitapita mbio. WordPress ilitoka 2003, bure, na ghafla hukuhitaji digrii ya kompyuta ili kujenga tovuti. M-Pesa ikaja Machi 2007, na mteja wa Kisii akaweza kukulipa ukiwa Rongai. Nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zikafika Mombasa 2009 na tukaachana na setilaiti. Hizo tatu ndizo zilizofanya biashara ya kutengeneza tovuti iwezekane kwa mtu mmoja, chumba kimoja, laptopu moja.

Nisimame kwa Ushahidi, kwa sababu hapo ndipo mpaka kati ya NGO na biashara ulichorwa halafu ukafutwa. Januari 2008, nchi ikiwaka, Ory Okolloh aliandika kwa blogu yake kwamba kuna haja ya ramani ya kuonyesha vurugu zinatokea wapi. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine wakaijenga kwa siku chache. Ikageuka kuwa shirika, likapata ruzuku, programu yake ikatumika Haiti baada ya tetemeko la 2010. Machi mwaka huo watu wake wakafungua iHub pale Ngong Road, ambapo vijana wengi wa kuandika kodi walipata meza, intaneti ya kasi na mteja wao wa kwanza. Kisha 2013 kutoka nyumba hiyo hiyo ikatoka BRCK, kampuni ya kuuza vifaa vya intaneti. Mwishowe, 2019, iHub ikanunuliwa na CcHub ya Nigeria. Ruzuku ilizaa jumba, jumba likazaa kampuni. Kwa hivyo ukiniambia "natoka ulimwengu wa NGO naingia ulimwengu wa tech", nitakuuliza: ni ulimwengu gani huo mwingine? Ni nyumba moja, umetoka sebuleni umeingia jikoni.

Na hapa ndipo nina shida na jinsi hii stori inavyosimuliwa. Tarehe 20 Januari 2025, Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Machi, Rubio akatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Kufika Julai 1 USAID yenyewe ilikuwa imefunga shughuli. Binamu yangu alikuwa afisa wa mawasiliano kwa mradi mmoja wa afya, akaambiwa Ijumaa asirudi Jumatatu. Alikuwa anajua WordPress, kwa sababu kwa NGO afisa wa mawasiliano ndiye mpiga picha, mwandishi, na mrekebishaji wa tovuti, yote kwa mshahara mmoja. Akafungua biashara. Wateja wake watano wa kwanza walikuwa nani? NGO tano. Watatu kati yao walikuwa wanategemea pesa zile zile zilizokuwa zimekauka.

Huko sio kutoka. Huko ni kubadilisha kiti.

Tofauti kubwa sio ujuzi. Mtu wa NGO anajua kuandika, anajua kungojea, anajua kukutana na mtu mwenye pesa bila kutetemeka. Kile hakufunzwa ni bei. Kwa NGO, pesa huja kwanza halafu kazi inatafutiwa bajeti. Na ikibaki mwisho wa mwaka, inatafutiwa warsha Naivasha. Mwenye duka la nguo Eastleigh hafanyi hivyo. Atakuuliza tovuti itamletea wateja wangapi, na hatatishwa na lile neno "athari". Atataka upunguze. Akikulipa nusu, hiyo nusu nyingine utaifuata mpaka ujue rangi ya geti lake.

Kitu kingine ambacho 2025 ilionyesha, na hakizungumzwi vya kutosha. Februari 1, tovuti ya USAID ilizimwa. Ile ya FEWS NET, iliyokuwa ikitoa onyo la njaa kwa nchi kama yetu, ilikuwa tayari imepotea hewani. Data ya miaka mingi, ukurasa mweupe. Hata hapa kwetu kuna miradi mingi yenye tovuti za or.ke zilizosajiliwa kwa jina la mfanyakazi aliyeondoka ama mkandarasi ambaye hapokei simu. Mradi ukiisha hakuna wa kulipia jina mwaka unaofuata, na kazi ya watu inapotea.

Kama umetoka NGO juzi na unatafuta mteja wa kwanza asiye mfadhili, anzia hapo. Tafuta ile SACCO ya boda ama shule ya mtaani ambayo jina la tovuti yake liko kwa barua pepe ya mtu mwingine. Wahamishie kwa jina lao wenyewe. Watoze. Waandikie ankara ya eTIMS, sio ripoti.