Hati ya Wavai na Nambari za Kompyuta

Vitabu vingi vya zamani za ukoloni vilidai kwamba Mwafrika hakuwa na maandishi mpaka alipoletewa na wageni. Historia ya Wavai, wakaao Liberia na Sierra Leone, yatosha kuikanusha kauli hiyo.

Katika miaka ya 1830, Momolu Duwalu Bukele alibuni hati ya lugha ya Kivai akisaidiwa na rafiki zake. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani, Sigismund Koelle, alikwenda kumwona. Bukele alimsimulia kwamba alama hizo alioteshwa usingizini, na kwamba zile alizozisahau alipoamka alizitunga pamoja na wenzake.

Katika hati hii kila alama husimama badala ya silabi nzima. Lau tungeandika Kiswahili kwa namna hiyo, neno “kitabu” lingehitaji alama tatu tu: ki, ta na bu. Kwa hiyo alama za Kivai ni nyingi, zaidi ya mia mbili. Mtu alimfundisha mwenzake nyumbani, nje ya shule, na watu wakaitumia kwa barua na hesabu za biashara. Wahenga wetu wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wavai walikuwa na daftari lao wenyewe. Mwaka 1962 hati hiyo ilisanifiwa katika Chuo Kikuu cha Liberia.

Kisha ikaja kompyuta. Mashine hiyo huhifadhi nambari. Kila herufi sharti ipewe nambari yake, na nambari hiyo itambuliwe na mashine zote. Orodha iliyotungwa Marekani mwaka 1963 ilikuwa na nafasi 128 tu. Kiswahili cha herufi za Kilatini kiliingia humo bila taabu, ndiyo maana wengi wetu hatukuihisi shida hiyo. Kivai hakikupata nafasi hata moja. Aliyetaka kukiandika aliazima nambari za herufi za Kilatini na kuzivisha maumbo ya Kivai. Barua yake ilipofunguliwa kwenye mashine isiyo na maumbo hayo, msomaji aliona vurugu ya herufi zisizo na maana.

Mwaka 2008 alama 300 za Kivai zilitiwa katika Yunikodi, orodha ya kimataifa ya nambari za herufi. Kazi hiyo ilidai ujuzi wa historia. Hati iliyopokezanwa kwa mkono hubadilika. Ilipasa kuamua maumbo yapi ni alama moja iliyoandikwa na mikono tofauti, na yapi ni alama mbili mbalimbali. Hata alama za kale zilizokwisha kuachwa zilipewa nambari, ili maandishi ya wazee yaweze kunakiliwa kama yalivyo.

Hata hivyo, tusidhani kwamba nambari peke yake huiokoa hati. Nambari hufungua mlango tu. Watu ndio wanaopaswa kuingia, wakiandikiana na kuwafundisha watoto wao. Bukele alianza bila kiwanda cha chapa wala mashine. Alikuwa na wenzake waliokubali kujifunza, na hao ndio walioifikisha hati yake mpaka zama zetu. Hilo ndilo funzo tunalopaswa kulichukua sisi tunaotunza maandishi ya mababu zetu.