Mashine inatoa namba, sheria inauliza kitu kingine

Leo tuangalie kadi ambayo wengi tunatembea nayo mfukoni bila kuifikiria: leseni ya udereva.

Ukitoka Machakos mjini kuelekea Wote utapita Kola, kwenye barabara ya milima na kona. Tuseme dereva wa matatu wa njia hiyo amekamatwa akiendesha akiwa amelewa, na mahakama ikampata na hatia. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinaruhusu faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Lakini kuna jambo la tatu: anazuiwa kuwa na leseni kwa miezi 12, na hakimu anaweza kuongeza muda huo. Faini huenda ndugu wakamchangia. Leseni hakuna wa kumchangia. Mwaka mzima usukani anaushika mwingine.

Kwa adhabu nzito namna hiyo, swali la kwanza ni hili: ulevi unapimwaje?

Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1954, enzi za mkoloni. Ndani ya kifungu hicho hakuna namba. Kosa ni kuendesha gari ukiwa umeathiriwa na pombe au dawa kiasi cha kushindwa kulimudu vizuri. Jibu ni ndiyo au hapana, na ushahidi wa kawaida ulikuwa macho na pua ya askari: anayumba, ananuka pombe, ulimi mzito.

Mwaka huohuo wa 1954, kule Indiana, Marekani, Robert Borkenstein alibuni kifaa alichokiita Breathalyzer. Unapuliza, kinakupa kipimo. Norway ilikuwa imeshaweka kiwango cha pombe katika damu tangu 1936. Uingereza ilifuata kwa sheria ya 1967: miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Hapo ndipo pa kuzingatia. Bunge lao lenyewe liliandika kwamba kuvuka kiwango ndilo kosa, hata kama unaendesha gari limenyooka kama rula.

Kenya ilitunga Kanuni za Kipima Pumzi mwaka 2011: mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi, au miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Ni viwango vilevile vya Uingereza. Desemba 2013, chini ya NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2012, Alcoblow ikarudi barabarani kwa kishindo na watu wakaanza kulala seli.

Waandishi wa programu mtaiona hitilafu mara moja. Kanuni zilikuwa zinaangalia kama namba imepita kiwango. Sheria mama, iliyozizaa kanuni hizo, bado ilikuwa inauliza kama dereva ameshindwa kulimudu gari. Hayo ni maswali mawili tofauti. Mtu anaweza kuwa na mikrogramu 36 na akalimudu gari, na mwingine akawa na 30 huku anapepesuka.

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema hivyohivyo: kanuni haziwezi kuanzisha kosa linalopingana na Sheria ya Trafiki. Mlevi bado angeshtakiwa, ila kwa kifungu cha 44, na upande wa mashtaka uthibitishe kile ambacho kifungu kinauliza. Mashine haikuwa na kosa lolote. Ilijibu sawasawa swali ambalo Bunge halikuwa limeliuliza.

Kuna upande wa pili, wa kumbukumbu. Kwa miaka mingi leseni yetu ilikuwa kitabu kidogo chekundu, na mahakama iliweza kuagiza hatia iandikwe humo. Hiyo ni hifadhidata inayokaa mfukoni mwa mshtakiwa! Leseni ya kadi yenye chipu ilianza 2017, na mwaka 2023 huduma za NTSA zikahamia eCitizen. Lakini chipu haijui hukumu ambayo hakuna aliyeiingiza. Hukumu ikibaki kwenye faili la karatasi Machakos, askari aliyesimama Kola ataona leseni halali, na abiria watapanda wakidhani wako salama.

Tukishangilia vifaa vipya, basi tuulize mambo mawili: sheria imeandikwa kwa swali ambalo kifaa kinaweza kulijibu? Na jibu likishapatikana, linamfikia nani?

Endesheni salama.