Apophis: Jiwe la angani litakalopita karibu na Dunia 2029

APOPHIS ni asteroidi, yaani jiwe kubwa linalolizunguka Jua, lenye upana wa takriban mita 340. Liligunduliwa Juni 19, 2004 na wanaastronomia waliotumia darubini ya Kitt Peak, jimboni Arizona, Marekani. Jina lake latokana na Apep, joka la giza katika imani za Wamisri wa kale.

Jiwe hilo hulizunguka Jua kwa siku 324 hivi, na njia yake hukaribiana mno na ile ya Dunia.

Desemba 2004, wataalamu walikadiria kuwa kulikuwa na uwezekano wa asilimia 2.7 wa jiwe hilo kuigonga Dunia Ijumaa, Aprili 13, 2029. Hofu ikatanda. Hata hivyo, muda mfupi baadaye, picha zilizolinasa miezi kadhaa kabla ya kutambuliwa ziliwezesha njia yake kupimwa upya, na hatari ya 2029 ikaondolewa. Mnamo Machi 2021, vipimo vya rada vilionyesha kuwa halitaigonga Dunia kwa angalau miaka 100.

Siku hiyo ya 2029, Apophis litapita kilomita 32,000 hivi juu ya uso wa Dunia, chini ya setilaiti za mawasiliano zilizo kilomita 36,000. Wakazi wengi wa Afrika, Ulaya na Asia Magharibi wataweza kuliona bila darubini, mradi kusiwe na mawingu.

Nguvu za uvutano za Dunia zitaipanua njia yake, hata lilizunguke Jua kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ndiyo maana wanasayansi wangali wanalifuatilia.