Kwa nini jahazi la zamani bado linaelea? Historia ya mkuku, kamba na deheni

Ukitaja Gombani nje ya Pemba, wengi watakuuliza habari za mpira, kwa sababu wanaujua uwanja. Lakini kutoka Gombani mpaka mjini Chake Chake si mbali, na Chake Chake ina mkono mwembamba wa bahari ambao zamani vyombo vya tanga viliingia maji yakijaa, vikapakia, vikasubiri maji mengine ndiyo vitoke. Leo mkono huo umejaa tope. Chombo kikubwa kinakwenda Wesha au Mkoani.

Sasa jiulize: jahazi ni mbao, mbao huoza, na baharini kuna viumbe wanaozila. Inakuwaje jahazi likae majini miaka na miaka?

Jibu fupi: linaoza, tena kila siku. Ila kuna mtu analitengeneza kila siku. Historia ya bahari yetu tumezoea kuisimulia kwa safari na biashara. Leo tuisimulie kwa matengenezo.

Tuanze chini kabisa

Uti wa mgongo wa jahazi ni mkuku, gogo refu lililonyooka kutoka omo mpaka karibu na tezi. Mataruma, yaani mbavu, yanasimama juu yake. Mkuku mrefu hukizuia chombo kisisukumwe ubavuni na upepo, kwa hiyo kinashika njia bila nahodha kupigana na usukani. Gharama yake ni kwamba kinageuka polepole.

Ila faida kubwa kwa mwenye chombo inaonekana maji yakitoka. Wakati wa bamvua, maji ya Pemba hupanda na kushuka kwa takriban mita 4. Ukikileta chombo ufukweni maji yakiwa juu na kukitegemeza kwa miti, baada ya saa sita kimekaa mchangani juu ya mkuku wake, tumbo lote liko nje. Kazi unayo mpaka maji yarudi, na huhitaji mashine ya kukinyanyua.

Kabla ya msumari

Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinataja kisiwa kiitwacho Menouthias, chenye vyombo vya kushona na mitumbwi ya gogo moja, vinavyotumika kuvulia samaki na kukamatia kasa. Ni Pemba, Unguja au Mafia? Wataalamu wanabishana mpaka leo. Lakini jambo moja liko wazi: pwani hii ilishona vyombo vyake.

Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Makumbi hufukiwa kwenye tope la pwani miezi kadhaa, kisha hupondwa na kusokotwa. Nyuzi zake zina lignini nyingi, kemikali ileile inayoupa mti ugumu, ndiyo maana hazikimbilii kuoza kwenye maji ya chumvi.

Marco Polo aliziona meli za kushona za Hormuz akazidharau. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliona upande mwingine: katika bahari yenye miamba, chombo cha misumari kikigonga kinavunjika, cha kushona kinanepa. Nadhani wote wawili walikuwa na hoja. Kushona kunanepa, lakini kamba huchakaa, na mwenye mtepe alipaswa kushona tena na tena. Msumari ulipunguza kazi hiyo, ukaleta shida nyingine: kutu. Ndiyo maana fundi hutoboa tundu kwanza kwa keekee, kisha huuzungushia msumari pamba iliyolowa mafuta kabla ya kuupiga.

Adui asiyeonekana

Adui mkubwa wa mbao baharini wengi humwita mnyoo, lakini si mnyoo. Ni ndugu wa chaza, kundi la Teredo. Anaingia kwenye ubao akiwa mdogo kuliko kichwa cha pini, kisha anakulia humohumo. Nje utaona vitundu vidogo sana. Ndani ubao umekuwa kama sega la nyuki. Ana bakteria wanaomsaidia kumeng'enya mbao. Meli za mwisho za Columbus zilitobolewa naye hata akalazimika kuzipandisha ufukweni Jamaica mwaka 1503.

Mwaka 1761 Waingereza walijaribu kuivika manowari yao Alarm mabati ya shaba. Mdudu alishindwa, lakini shaba na misumari ya chuma vikikutana kwenye maji ya chumvi vinafanya kazi kama betri: chuma kinaliwa upesi. Walipoikagua miaka miwili baadaye, misumari ilikuwa imeoza na mabati mengine yamebanduka.

Na huku kwetu je? Moto na mafuta. Chombo kikishakaa mchangani, hukwanguliwa chaza na majani, kisha tumbo lake huunguzwa kwa makuti makavu, haraka haraka, mdudu afe na ubao usiungue. Halafu deheni: mchanganyiko wa chokaa na shahamu ya mnyama unaopakwa sehemu inayokaa majini. Hapa kuna kemia nzuri. Chokaa ikikutana na mafuta inazaa aina ya sabuni, lakini si ile ya kufulia. Sabuni ya kalisi haiyeyuki majini. Inabaki ukoko unaomchelewesha mdudu. Sehemu ya juu, inayopigwa na jua, hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Harufu yake, we acha tu!

Baina ya mbao na mbao kuna kalafati: pamba iliyolowa mafuta, inayopigwa kwa patasi mpaka izibe. Mbao zikilowa zinavimba na kuibana pamba. Ndiyo maana chombo kilichokaa nchi kavu muda mrefu kikirudi majini huvuja kwanza, na mabaharia hukesha wakikumba maji ya ngama.

Tundu moja, gunia zima

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Vyombo vilivunjika bandarini na mikarafuu mingi iling'oka. Pemba haikuumia kiasi hicho, na baada ya hapo ikawa ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Lakini soko lilikuwa mjini Unguja. Jasho la mkulima wa Pemba likategemea mbao chache na pamba katikati yake. Karafuu ikilowa maji ya chumvi imeharibika, hata kama chombo kimefika salama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Baharini ukuta wenyewe hutapata nafasi ya kuujenga.

Na leo?

Boti za faiba zinaongezeka, na sizilaumu: faiba haina mdudu. Mwaka 2019 chombo kiitwacho Flipflopi, kilichoundwa Lamu kwa plastiki chakavu, kilisafiri mpaka Unguja. Malighafi ilikuwa mpya, lakini mikono iliyokiunda ilikuwa ya mafundi wa majahazi. Bila ujuzi wao jaribio hilo lisingeelea.

Tatizo ni kwamba ujuzi huu mwingi haumo vitabuni. Uko kwenye vidole vya mtu anayejua kwa kugonga tu kama ubao ni mzima au umeliwa. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyekuwa baharia au fundi, msabahi, kaa naye, muulize maswali madogo: chokaa kiasi gani kwa shahamu kiasi gani? Makuti unayaondoa lini? Kisha andika. Hiyo nayo ni kalafati.