Waya Juu ya Paa: Antena za Redio Koli Shinyanga na Geita

Vituo vya kwanza vya simu ya upepo kusini mwa Ziwa Viktoria vilijengwa na Wajerumani, Mwanza na Bukoba, miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mnara wa Bukoba ulionekana tishio kiasi kwamba Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kwenda kuubomoa, na wakaubomoa. Baada ya vita mawasiliano ya kanda yalifuata reli. Tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928 likipitia Shinyanga, na stesheni za njiani zikapata simu ya waya. Geita haikupata bahati hiyo. Dhahabu yake ilijulikana tangu 1898, na mgodi wa enzi ya ukoloni ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, lakini mji ulikuwa ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, mbali na reli.

Redio za CB, yaani redio za raia, zilizotengewa masafa ya megahezi 27 nchini Marekani mwaka 1958, hazikuota mizizi katika kanda hii. Antena ya kituo cha CB ni fimbo ya wima: ya robo wimbi ina urefu wa mita 2.7 hivi, ya nusu wimbi mita 5.3. Humfaa mtu anayezungumza na jirani wa kilomita 10 au 20. Hospitali ya misheni iliyotaka kumpata daktari wa Nairobi ilihitaji kitu kingine, nacho kikawa redio koli ya masafa mafupi. Shirika la madaktari wa ndege lililozaa AMREF lilianzishwa mwaka 1957, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtandao wake wa redio ulianza kuunganisha hospitali za vijijini na Nairobi.

Redio yenyewe ilinunuliwa tayari, imefungwa ndani ya boksi. Antena ilitengenezwa papo hapo, na hapo ndipo kituo kilipofaulu au kufeli. Kosa lililotokea mara nyingi lilikuwa kusimamisha fimbo ya wima kwa kudhani kuwa kilicho juu zaidi ndicho kinachosikika zaidi. Wimbi la fimbo hutambaa ardhini, likachoka upesi kwenye udongo mkavu na miamba ya matale ya Usukuma. Lile linalopaa angani hurudi chini mbali mno. Kati ya mawimbi hayo mawili hubaki ukanda wa ukimya, na mara nyingi wilaya ya jirani imo humo humo. Waya uliolazwa, wenye vipande viwili sawa na kebo inayoshuka katikati, hurusha wimbi karibu wima kwenda angani, nalo hurudi kama mvua juu ya eneo lote la kilomita mia tatu au nne. Kanuni ya urefu ni rahisi: gawanya 143 kwa megahezi. Kwa megahezi 5 waya wote huwa mita 28.6, kwa megahezi 7 mita 20.4. Mita nane juu ya ardhi zinatosha. Kuongeza nguzo kwa ajili ya mawasiliano ya mkoani ni hasara tupu.

Kupata nguzo ndiko kulikokuwa na kazi. Sehemu kubwa ya Shinyanga ilifyekwa miti wakati wa ukoloni ili kuwaondoa mbung'o, kisha pamba na mifugo vikamaliza iliyobaki, hata serikali ikalazimika kuanzisha mradi wa HASHI mwaka 1986 kurudisha misitu. Fundi wa Geita aliweza kufunga waya kwenye mti wa mlimani. Mwenzake wa Shinyanga alisimamisha bomba la maji au mkaratusi, na mkaratusi usiopakwa oili chafu ulikuwa chakula cha mchwa. Wengi walisimamisha nguzo moja tu ya katikati na kuteremsha ncha mbili za waya hadi karibu na ardhi, mpango unaofanya kazi vizuri kuliko unavyoonekana.

Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja. Chakula chao kilikuja kwa reli hadi Isaka, kisha kwa malori kupitia Kahama. Mashirika ya misaada yalileta redio za masafa mafupi pamoja na za VHF (masafa ya juu sana), na magari yenye fimbo ndefu kwenye bampa yakawa jambo la kawaida barabarani.

VHF ina masharti tofauti kabisa. Hapa kimo ndicho kila kitu, kwa kuwa wimbi huenda moja kwa moja na kukomea upeo wa macho. Antena ya mita 10 hulifikia gari lililo tambarare umbali wa kilomita 19 hivi. Ya mita 30, kilomita 28. Kebo nayo hula nguvu: mita 20 za kebo nyembamba ya RG-58 humeza zaidi ya nusu ya nguvu ya redio ya VHF, ilhali kwenye megahezi 5 upotevu huo hausumbui mtu. Migodi mikubwa ilipofunguliwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu 2001, VHF ilikuwa na kazi tele, na ripita, yaani redio inayopokea na kurusha upya mawimbi, iliyowekwa kilimani ilimaliza tatizo ambalo nguzo isingelimaliza.

Adui wa kudumu ni radi. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na mwaka 2018 radi iliua wanafunzi katika shule moja ya Geita. Nguzo ya chuma isiyo na waya wa ardhi huileta radi hadi mezani. Waya huo unapaswa kuwa mnene, uende chini bila kona kali, na uishie kwenye fimbo za shaba ardhini; kiangazi udongo wa Shinyanga hukauka kiasi cha kupitisha umeme kwa shida, hivyo fimbo moja haitoshi. Waendeshaji wazoefu walichomoa kebo kila wingu lilipotanda, wakaitupa nje ya dirisha.

Vodacom ilianza huduma mwaka 2000, na minara ya simu ikasambaa kwenye miji ya machimbo. Ndani ya miaka michache ratiba za asubuhi za redio koli zilikosa wasikilizaji. Migodi, polisi na hifadhi zimeendelea na VHF, sasa baadhi zikiwa za kidijitali, kwa leseni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Nguzo nyingi za zamani zilibebeshwa antena za televisheni.